Elizabeth, George au Victoria: uanze na sarafu ipi ya kale ya Uingereza?

Wengi hudhani sarafu ya miaka 400 ni kitu cha makumbusho, cha kutazamwa nyuma ya kioo. Si kweli. Uingereza ilifua pesa kwa wingi, watu wakazifukia, wakazidondosha mashambani, wakazirithisha, na leo sikspensi (sarafu ya peni sita) ya fedha ya Malkia Elizabeth wa Kwanza inauzwa kwa bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida akijibana kidogo anaimudu. Kuipata si kazi. Kazi ni kuchagua, kwa sababu soko limejaa, na anayeanza bila mpango huishia na mkebe wa vitu visivyohusiana.

Naweka tatu mezani: sikspensi ya Elizabeth wa Kwanza, peni nzito ya shaba ya George wa Tatu ya mwaka 1797, na peni ya Victoria ya kati ya 1860 na 1894. Sikuzichagua kwa umri. Nimezichagua kwa kuwa kila moja ni dai la aliyekuwa kitini wakati huo. Sura yake ionekane vipi, ajiite mtawala wa nchi zipi, madini yawe safi kiasi gani, yote hayo yalipita kwake au kwa watu wake kabla sarafu haijatoka. Raha ya mchezo huu ni kuangalia dai linasimama wapi na linaangukia wapi. Kwa hiyo chagua kwanza hadithi unayotaka kuishika mkononi, kisha ndipo uje kwenye bei na unyevu wa nyumba yako.

Sikspensi ya Elizabeth: kusafisha alichochafua baba

Hii huielewi bila kumjua baba yake Elizabeth, Henry wa Nane. Kuanzia mwaka 1544, akiwa na vita vya kugharamia dhidi ya Ufaransa na Scotland, Henry alizichakachua pesa za nchi yake mwenyewe. Shaba iliongezwa, fedha ikapunguzwa, hadi ikabaki theluthi moja tu. Sarafu zake kubwa zilikuwa na sura yake ikitazama mbele, na kwa kuwa pua ndiyo iliyoinuka zaidi, ndiyo iliyosagika kwanza: ngozi nyembamba ya fedha ikatoka, wekundu wa shaba ukachungulia. Watu wakambandika jina la Pua ya Shaba. Mfalme aliyejiona simba akaumbuliwa na pesa yake mwenyewe.

Elizabeth alipopanda kitini mwaka 1558 alikuta soko limevurugika. Mwaka 1560 na 1561 serikali yake iliziondoa pesa mbovu na kufua upya za fedha nzuri. Ndipo sikspensi yenye tarehe ilipozaliwa, mwaka 1561, na ndiyo maana naipenda: ukiishika, umeshika matengenezo yenyewe.

Itazame kwa kioo cha kukuzia. Upande mmoja malkia amevaa taji, na nyuma ya kichwa chake kuna ua dogo la waridi. Waridi hilo si pambo. Sikspensi na sarafu ya peni nne zilikaribiana ukubwa, na wengi hawakujua kusoma, hivyo ikapangwa kwamba yenye waridi ni sita, isiyo na waridi ni nne. Mpangilio huo ukaendelea hadi kwenye sarafu ndogo kabisa, moja ina waridi, inayofuata haina. Upande wa pili kuna ngao ya kifalme juu ya msalaba mrefu, na tarehe imekaa juu ya ngao, tarakimu mbili huku, mbili kule, mkono wa msalaba ukipita katikati.

Halafu kuna kialama mwanzoni mwa maandishi ya pembezoni: ngome, kengele, upanga, mkono, ufunguo, nanga. Kilibadilishwa kila baada ya muda ili sarafu zilipopelekwa kupimwa usafi ijulikane ni za kipindi gani, na kama kuna aliyeiba fedha, awajibike. Upimaji huo, Trial of the Pyx, ulianza karne ya 13 na bado unafanyika kila mwaka. Wakusanyaji wengine hawanunui kingine maisha yao yote ila sikspensi za Elizabeth, alama baada ya alama.

Na dai je? Soma maandishi: ELIZABETH, kisha vifupisho vya Kilatini, katikati yake FR. Ni Ufaransa. Elizabeth alijiita malkia wa Ufaransa ilhali dada yake Mary alikwishapoteza Calais, kipande cha mwisho cha Kiingereza katika bara lile, mwanzoni mwa 1558. Watawala wa Uingereza waliendelea kujipachika cheo hicho hadi 1801. Fedha safi, cheo hewa: sarafu moja imebeba yote mawili.

Tatizo lake ni kwamba imefuliwa kwa nyundo. Kipande cha fedha kiliwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma, fundi akapiga. Hakuna mbili zinazofanana, nyingi hazikukaa duara vizuri, na wajanja walizikata kingo ili wajikusanyie vijipande vya fedha. Mfaransa mmoja, Eloye Mestrelle, aliletwa kwenye kiwanda cha Mnara wa London kufua kwa mashine, na kazi yake ilikuwa nadhifu kuliko ya wenye nyundo. Mafundi wa nyundo hawakumtaka, akaachishwa, na mwaka 1578 akanyongwa kwa kosa la kughushi pesa. Sikspensi zake za mashine zipo sokoni, ila bei yake ni ya juu zaidi, mgeni wa mchezo huu aziache kwanza.

Sarafu hizi za nyundo ziliendelea kutumika hadi pesa za nyundo zilipoondolewa mwaka 1696, enzi ya William wa Tatu, Isaac Newton akiwa ndiyo kwanza amepewa cheo katika kiwanda cha sarafu. Yaani sikspensi ya 1561 huenda ilizunguka miaka zaidi ya 130. Usishangae sura ya malkia ikiwa imebaki kivuli. Sarafu mpya ilikuwa na uzito wa gramu 3 na kidogo. Utakuta nyingi chini ya hapo.

Peni ya gurudumu ya George wa Tatu: mfalme aliyeazima kiwanda

Hii ndiyo ninayowapa watoto washike. Ni shaba tupu, kipenyo milimita 36, uzito wa wakia moja kamili, yaani gramu 28 na ushei. Nduguye wa peni mbili ana milimita 41 na wakia mbili. Ukiiweka mfukoni suruali inainama. Ukingo wake ni mpana na umeinuka, maandishi yamezama ndani yake badala ya kusimama juu, na kwa umbo hilo watu wakaiita gurudumu la mkokoteni.

Kisa chake si cha kumsifu mfalme. Kiwanda rasmi cha serikali kilikuwa kimeacha kufua shaba tangu 1775, chenji ikaadimika, na wenye migodi, viwanda na maduka wakajifulia vipande vyao vya kulipana. Za bandia zikajaa. Mwaka 1797, vita na Ufaransa vikiwa vimeifanya Benki Kuu ya Uingereza isimamishe kulipa dhahabu, serikali ilimgeukia mfanyabiashara wa Birmingham, Matthew Boulton, mshirika wa James Watt, yule mhandisi wa injini za mvuke. Boulton alikuwa na mashine za mvuke kwenye kiwanda chake cha Soho. Wazo lake lilikuwa rahisi: weka shaba ya thamani karibu sawa na pesa yenyewe, mghushi akose faida.

Kwa hiyo sura ya George unayoiona, yenye taji la majani kichwani kama kaisari wa Roma, ilichorwa na mchongaji wa kigeni, Conrad Heinrich Küchler, na ikafuliwa na mtu binafsi. Neno SOHO limeandikwa kwa herufi ndogo mno upande wa Britannia, yule mwanamke anayesimama badala ya nchi ya Uingereza, karibu na ngao. Britannia mwenyewe ameketi juu ya mwamba, mawimbi miguuni, na kwa mara ya kwanza kwenye sarafu ameshika mkuki wa ncha tatu, silaha ya mungu wa bahari. Jeshi la majini lilikuwa ndilo tegemeo la nchi, na peni inalitamka hilo.

Dai la George hapa ni la uzito. Nipime, sikudanganyi. Na watu kweli walizipima, na wakazitumia kama mawe ya mizani madukani na jikoni. Lakini bei ya shaba ilipanda, uaminifu ukawa hasara, na sarafu za shaba zilizofuata zikafuliwa nyepesi. Zote za gurudumu zina tarehe moja tu, 1797, hata zile zilizofuliwa baadaye.

Uzuri wake kwa mgeni ni kwamba inajieleza. Mizani, rula, basi. Ubaya ni kwamba njia yake ni fupi. Ukishapata peni na peni mbili umemaliza, isipokuwa ukitaka kuwafuata Boulton na wenzake hadi kwenye nusu peni za 1799 na peni za 1806 na 1807. Pia karibu zote zimegongwagongwa ukingoni. Uzito wao wenyewe ndio uliowaponza.

Peni za Victoria: msichana ambaye hazeeki

Mwaka 1860 Uingereza iliachana na peni nene za shaba tupu na kuleta peni nyembamba ya mchanganyiko: shaba asilimia 95, bati 4, zinki 1. Gramu 9.45, milimita 30.8, vipimo vilivyobaki hivyo hadi peni ya zamani ilipostaafishwa na mfumo mpya wa pesa wa tarehe 15 Februari 1971. Sura ya malkia ilichongwa na Leonard Charles Wyon, nywele zimefungwa kibutu nyuma ya kichwa.

Mwaka huo Victoria alikuwa na umri wa miaka 41 na watoto tisa. Kwenye peni ni msichana. Desemba 1861 mumewe Albert alifariki, malkia akavaa nyeusi hadi kufa kwake mwaka 1901, akajitenga na macho ya watu kwa miaka, watu wakanung'unika kwamba wanalipa kodi kwa malkia wasiyemwona. Walichokiona kila siku, sokoni na baani, ni yule binti wa kibutu. Kwenye fedha na dhahabu alibadilishwa mwaka 1887 kwa sura yenye kijitaji kidogo kilichochekwa sana. Kwenye peni aliendelea hadi 1894. Mwaka 1895 ndipo mwanamke mzee wa ushungi alipotokea, na mwananchi aliyeshika peni ya 1894 na ya 1895 kwa pamoja angedhani amekutana na bibi na mjukuu.

Kwa mkusanyaji hizi ni shule. Kila mwaka una peni yake, miaka 35 mfululizo. Nyingi ni rahisi kabisa. Chache zinasumbua, kama 1869 na 1871. Halafu kuna herufi H chini ya tarehe: kazi ilipozidi kiwanda cha London, kampuni ya Heaton ya Birmingham ilipewa tenda, na H yao iko kwenye peni za 1874, 1875, 1876, 1881 na 1882. Hii H isikupite hivihivi. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyofua rupia za mwaka 1888 zilizoandikwa Mombasa, za ile kampuni ya Kiingereza iliyopewa kuendesha pwani yetu. H ni ileile.

Kasoro yake: zilizunguka zaidi ya miaka 70, nyingine karibu 110, na zimesagika kama kokoto za ufukweni. Peni ya bei rahisi kabisa utaona kichwa na tarehe tu. Kwangu, peni ambayo nywele za kibutu hazionekani hata uzi mmoja ni kipande cha chuma, nunua ukikosa nyingine.

Ukizipanga pamoja

Bei kwanza. Peni ya Victoria iliyochakaa ni pauni chache tu, na gharama ya kuituma kwa posta kutoka Uingereza inaweza kuizidi. Peni ya gurudumu ni mara kadhaa ya hiyo. Sikspensi ya Elizabeth inayosomeka iko juu zaidi, na ikiwa na sura nzuri inapaa. Wauzaji wa Uingereza hutumia herufi F kwa iliyochakaa lakini inasomeka, VF kwa nzuri, EF kwa iliyokaribia upya, na hatua moja kati ya hizo yaweza kuongeza bei mara mbili au zaidi. Kwa mgeni, F safi ya sikspensi ni bora kuliko VF iliyokwanguliwa.

Uhalisi. Hapa gurudumu na Victoria zinashinda bila ubishi, maana ni kazi ya mashine na vipimo vyake vinajulikana. Sumaku isizishike kabisa. Sikspensi inataka jicho: angalia ukingo kama kuna mstari wa kuungia kalibu, angalia uso kama una vitundu vidogo vya madini yaliyomiminwa, tafuta neno COPY. Kama huna mzoefu wa kukutazamia, nunua kwa muuzaji anayeandika risiti na anayekubali kurudishiwa. Sarafu iliyochimbwa katika ardhi ya Uingereza inaweza kuhitaji kibali cha kuitoa nchini. Muulize muuzaji kabla ya kulipa, asikuachie wewe mzigo huo.

Hali ya hewa ndiyo watu wa pwani wanaisahau. Dar es Salaam, Mombasa, Unguja, Muscat, popote penye hewa ya chumvi, shaba ina maadui. Kutu ya kijani ikianza kwenye peni haiombi ruhusa. Fedha hufanya weusi tu, na weusi huo ni ngozi inayoilinda. Ukikaa Nairobi au Leicester hili si tatizo kubwa. Ukikaa Mji Mkongwe, lina uzito wa kuamua. Tumia visanduku vikavu vyenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na ziepuke albamu za plastiki laini yenye harufu kali, zinaacha ute wa kijani. Na tafadhali, ndimu na majivu ni kwa sufuria. Sarafu iliyosuguliwa ikang'aa imekufa kibiashara siku hiyohiyo, na haifufuki.

Njia inayofuata. Victoria anakufungulia mlango mrefu: baada yake Edward wa Saba, George wa Tano, George wa Sita, Elizabeth wa Pili hadi peni za 1967, na kwa pesa kidogo unapanga zaidi ya karne nzima kwenye meza. Elizabeth wa Kwanza anakupeleka nyuma, kwa James, kwa Charles wa Kwanza aliyekatwa kichwa Januari 1649, kwa sarafu za jamhuri zilizoacha Kilatini na kuandikwa Kiingereza. Ni njia tamu, ila kila hatua inauma mfukoni. Gurudumu linasimama lilipo.

Njiani utakutana na hizi

Sovereign ya dhahabu, gramu 7.98, na Mtakatifu George wa mchongaji Benedetto Pistrucci akimchoma joka. Nzuri sana, ila bei yake inafuata dhahabu na wanaoighushi hawalali. Hiyo ni akiba, tuiite hivyo. Sarafu kubwa ya 1965 yenye sura ya Churchill, aliyekuwa waziri mkuu, utauziwa kama adimu. Zilifuliwa karibu milioni 20. Mpishe anayeiuza.

Na kabla hujaagiza chochote, fungua kasha la bibi. Rupia za India zenye sura ya Victoria zilikuwa pesa ya kila siku Zanzibar na pwani hadi baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na nyingine zilitobolewa zikawa mapambo ya shingoni. Iliyotobolewa haina bei kubwa, lakini ni ya kwenu. Tafuta pia senti 10 yenye tundu ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936. Mfalme Edward wa Nane alitawala kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huo, akakiacha kiti ili amwoe Mmarekani Wallis Simpson, na Uingereza kwenyewe haikuingiza sokoni sarafu yoyote yenye sura yake. Majaribio machache yaliyobaki huuzwa kwa bei za kutisha. Senti zetu, kwa kuwa zina tundu katikati, hazikuhitaji sura. Zilihitaji jina tu, nalo lipo: EDWARDVS VIII. Mkusanyaji wa London anayetaka mfalme huyo kwa bei ya chai anazitafuta hizo.

Mimi, kwa mtu anayetaka sarafu moja tu ya kuishi nayo, namwelekeza kwa sikspensi ya Elizabeth, hasa kama anakaa pwani: fedha inavumilia, na hadithi ya baba na binti haichoshi. Mwenye tabia ya kujaza mapengo, yule aliyekusanya stempu au kadi za wachezaji akiwa shuleni, aende kwa Victoria na aanze na 1860, 1874 yenye H na 1894. Anayemnunulia mtoto wa miaka tisa achukue gurudumu.

Vyovyote utakavyochagua, muombe muuzaji uzito kwa gramu na picha ya ukingo, mbali na zile picha mbili za kawaida. Akijibu ndani ya siku moja mbili, endelea naye. Akikuzungusha, peni ziko nyingi.